Fundi wa Kiti cha Enzi

Kigoda changu kina miguu minne lakini husimamia mitatu. Nimekitengeneza kwa mikono yangu, kwa mbao ya mninga, kwa Jumamosi 11 nilizozitumia kwenye karakana ya seremala mmoja mzee wa mtaani kwetu. Nikijumlisha mbao, gundi, msasa, vanishi, nauli na soda nilizomnunulia fundi, kigoda hiki kimenigharimu kuliko viti viwili vya plastiki vyenye mgongo, ambavyo havitikisiki. Rafiki zangu wakija kunitembelea, aliyewahi kukikalia mara moja huchagua kitanda.

Nilianza kazi hiyo kwa sababu ya kiti kingine, ambacho sikuruhusiwa kukikalia kabisa.

Nilikiona katika Makumbusho ya Lamu. Nilikuwa nimekwenda huko kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada ya uzamili, kufuatilia biashara ya boriti za mikoko, na siku hiyo nilikuwa napisha jua la saa saba. Kiti kimesimama wima, kirefu na chenye pembe kali, mgongo wake ukimzidi kimo mtu aliyekikalia. Mbao zake ni nyeusi. Kikalio, mgongo na sehemu za chini ya mikono zimewambwa kwa kamba nyembamba, kama kitanda cha kamba kinavyowambwa, ila kwa usukaji mzuri zaidi. Mbele kuna kibao cha kuwekea miguu, kwa sababu mwenye kukikalia hakutarajiwa kukanyaga sakafu kama watu wengine. Na juu, kwenye ukingo wa mgongo, kuna vipande vidogo vyeupe vilivyopachikwa ndani ya mbao kwa mpangilio wa maua na nyota. Kazi hiyo tunaiita kutia njumu. Kiti chenyewe kinaitwa kiti cha enzi.

Kando yangu alisimama mgeni mwingine, mwanamume wa makamo. Alikitazama kwa muda, akaniuliza kwa sauti ndogo, kana kwamba kiti kingesikia: "Kaka, hiki leo kingeuzwa pesa ngapi?"

Sikuwa na jibu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafuta. Makala haya ndiyo hesabu niliyofikia.

*

Viti vya enzi vilienea katika miji ya pwani, kutoka visiwa vya Lamu na Pate, kupitia Mombasa, hadi Unguja. Vingi vinavyojulikana leo ni vya karne ya 18 na 19. Katika kisiwa cha Pate, mji wa Siyu ulisifika kwa mafundi wake: wachonga mbao, washona ngozi na wanakili wa misahafu. Ni mji uleule uliozishinda nguvu za Sultani Seyyid Said katika miaka ya 1840, kwa hiyo tusidhani kwamba mafundi hawa walikaa pembeni mwa historia wakiranda mbao kwa utulivu. Waliishi katika miji iliyopigana, iliyotajirika na iliyoanguka. Pate yenyewe ilikuwa tajiri kabla ya kuporomoka, na baada ya vita vya Shela, karibu mwaka 1812, Lamu ndiyo iliyoinuka. Anayetaka kujua anguko la Pate lilivyoonekana ndani ya nyumba na asome utenzi wa Al-Inkishafi. Mtunzi wake anakumbuka mabwana waliolala kwenye vitanda vyenye magodoro laini, kisha anatuonyesha nyumba zao zimebaki makao ya popo.

Wanahistoria wamebishana sana juu ya asili ya kiti hiki. Wapo wanaokifananisha na viti vya Misri ya Wamamluki, wapo wanaoona mkono wa Wareno waliofika pwani mwaka 1498, na wapo wanaotazama India. Mimi hujisaidia na lugha. Neno "kiti" ni letu, lina shina lilelile la "mti". "Meza" tuliipata kwa Wareno. "Msumari" umetoka kwa Waarabu. Maneno hayo matatu hukutana kila siku ndani ya karakana moja bila kuulizana pasipoti. Fundi wa Siyu aliyeona umbo la kigeni likamfaa, akalichukua, akaliwamba kwa kamba za kwao na kulitia njumu kwa mtindo wa kwao, hakuwa anaiga. Alikuwa anafanya kile ambacho fundi wa leo hufanya mteja anapomwonyesha picha ya kitanda kwenye simu: anatazama, anakuna kichwa, anatengeneza kitanda kingine.

Kiti kilikuwa cha watawala na mabwana wa mji, na cha wageni waliostahili heshima. Wengine walikaa mkekani. Kwa hiyo mtu aliyeingia barazani alijua nani ni nani kabla hajasalimiwa, kwa kutazama tu nani yuko juu na nani yuko chini. Kazi hiyo haikuweza kufanywa na kiti rahisi. Kilipaswa kuwa ghali, na ughali wake kuonekana waziwazi.

*

Sasa turudi kwenye bei.

Tuanze na mbao. Viti hivi hutajwa kuwa vya mpingo. Mpingo ni mti mfupi, wenye miba na mashina yaliyopindapinda, nao hukua polepole sana: huweza kuchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Ukikatwa, sehemu ya nje ni nyeupe na haina kazi kubwa. Kinachotafutwa ni kiini cheusi, kizito kiasi kwamba ukikitupa majini kinazama. Kwa ugumu huohuo, watengenezaji wa klarineti na obo wa Ulaya huutegemea hadi leo.

Nilidhani nauelewa ugumu huo kwa kuusoma. Jumamosi ya tano fundi wangu alinipa kipande cha mpingo, mabaki ya kazi ya mtu mwingine, nikajaribu kutia njumu. Mfupa wa ng'ombe niliuomba kwa muuza supu, nikauchemsha, nikausugua, nikaukata kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Kisha nikaanza kuchimba nafasi yake kwenye mbao. Patasi iliruka kama imegonga jiwe. Nilitumia asubuhi nzima. Shimo likawa pana upande mmoja na finyu upande mwingine, mfupa ukavunjika nilipougonga, na kidole gumba kikapata alama ninayoiangalia wakati huu ninapoandika.

Nikamlalamikia fundi kwamba patasi yake ni butu.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," akasema. Akachukua patasi ileile, na huku anaongea na mkewe kwenye simu kuhusu gesi kuisha, akachimba shimo safi la pembe nne. Hakulitazama hata mara mbili.

Kiti kimoja cha enzi kinaweza kuwa na vipande vingi vya namna hiyo. Vidhidishe kwa asubuhi za fundi hodari, si asubuhi zangu, na bado utapata miezi.

Tuje kwenye vipande vyenyewe. Baadhi ni mfupa, na baadhi ni pembe za ndovu. Kwa miji ya Lamu na Pate, pembe zilitoka pia kwa wawindaji wa bara la jirani, Waboni na Waata, waliobadilishana na watu wa pwani. Unguja ya karne ya 19 ilizipata kwa misafara iliyotoka mbali, Ujiji na Tabora, mpaka Bagamoyo, kwa mabega ya wapagazi. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi ya ujira na kujivunia kazi hiyo. Wengine walikuwa watumwa. Pembe nyingi hazikubaki pwani hata kidogo. Zilivuka bahari, na sehemu kubwa ikaishia kwenye miji midogo ya Connecticut, Marekani, kama Deep River, ambako zilikatwa kuwa vibao vyeupe vya piano. Kwa hiyo bwana wa pwani aliyeegemea njumu zake, na binti wa Boston aliyejifunza piano sebuleni kwao, waliweza kugusa ndovu wa pori moja bila kujuana.

Na fedha ya kumlipa fundi ilitoka wapi? Lamu ya karne ya 19 iliuza nafaka, boriti za mikoko na mazao mengine, na mashamba ya ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, yalilimwa kwa sehemu kubwa na watumwa. Unguja ilikuwa na karafuu, na huko pia jembe lilikuwa mkononi mwa mtumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria huko hadi 1897, na katika pwani ya Kenya hadi 1907. Sina haja ya kumzomea marehemu yeyote. Ninachosema ni kwamba mtu akiniuliza kiti kile kilikuwa pesa ngapi, siwezi kutaja mbao, pembe na kazi ya fundi, halafu nikaliacha shamba nje ya hesabu.

*

Kuna kitu kimoja ambacho hakipo kwenye kiti, nacho ni jina.

Kwenye makumbusho, karatasi ndogo iliyo kando ya kiti kwa kawaida hukueleza mahali, karne na aina ya mbao. Pengine humtaja aliyekimiliki. Fundi hatajwi. Unaweza kusema ni kwa sababu watu wa wakati ule hawakuandika, lakini hilo si kweli: hawa walikuwa watu wa kalamu. Wanakili wa misahafu na vitabu waliweza kuacha majina yao mwishoni mwa nakala. Milango ya Mji Mkongwe wa Unguja imechongwa maandishi ya Kiarabu, aya za Kurani, na baadhi ina tarehe na jina la mwenye nyumba. Mfikirie fundi wa mlango kama huo. Alijua mahali pa kuandika. Alikuwa na patasi mkononi. Alichonga jina, herufi kwa herufi, kwa uangalifu wote alioujua, na jina lenyewe likawa la mtu mwingine.

Sisemi hili kwa kuwalaumu wazee peke yao. Uingereza nako, katika karne ileile ya 19, swali la mkono na bei liliwasumbua watu. William Morris na wenzake walianzisha kampuni yao mjini London mwaka 1861, wakipinga vitu vya mashine na kutaka kazi ya fundi irudishiwe heshima. Morris mwenyewe alijifunza kazi nyingi kwa mikono yake, kufuma na kutia rangi, akiwa mtu mzima aliyesoma Oxford. Lakini vitu vyao vingi vilivyotengenezwa kwa mkono viligeuka kuwa vya matajiri, kwa sababu muda wa fundi una gharama, na mnyonge hawezi kuilipa. Morris alilijua hilo na lilimkera. Ni moja ya mambo yaliyomsukuma kwenye ujamaa. Kwa hiyo si pwani yetu tu ambako kitu kilichotengenezwa kwa mkono kilimwinua mmoja na kumsahau mwingine.

Kwetu lakini liliongezwa jambo la pili. Fundi wa Siyu hakuandikwa jina, ila sijaona dalili kwamba ufundi wake ulidharauliwa. Dharau ilipata nguvu ilipokuja shule. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, waliwafundisha watoto waliokombolewa utumwani sala pamoja na kazi za mikono, useremala ukiwamo. Nia inaweza kuwa ilikuwa njema. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipopita Afrika Mashariki, nayo ilihimiza kwamba elimu ya Mwafrika ielekee kilimo, ufundi na maisha ya kijijini. Wazazi wengi waliielewa habari hiyo kwa namna yao: mtoto wa mkubwa hupewa kalamu, mtoto wetu hupewa randa. Kuanzia hapo, kulikimbia randa kukawa ndiyo kuendelea.

Mwalimu Nyerere alijaribu kuunganisha tena kichwa na mkono kwa Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967. Mimi ni mjukuu wa sera hiyo. Katika shule yangu ya msingi tulikuwa na somo la Stadi za Kazi, na useremala tulijifunza kwa kunakili mchoro wa nyundo kutoka ubaoni. Nilipata alama nzuri. Nyumbani, nikizembea masomo, niliambiwa kwamba nitaishia kuwa seremala. Na maneno hayo tuliambiwa tukiwa tumekaa, wote, juu ya viti vya seremala.

*

Ukitaka kuona tulipofika, pita Keko, Dar es Salaam, siku yoyote ya kazi. Vitanda, makabati na sofa vimepangwa kando ya barabara, vumbi la mbao limetanda, na mashine zinapiga kelele mpaka jioni. Wahenga wamesema kizuri chajiuza, lakini hapa hata kizuri kinapigiwa debe. Mteja anafika na picha aliyoitoa mtandaoni, kitanda cha Italia au cha Uturuki. Anataka kilekile, kwa mbao ngumu, kwa bei ya maranda yaliyogandishwa kwa gundi kiwandani. Fundi anataja bei. Mteja anacheka. "Mbao tu hiyo, fundi!"

Zamani na mimi ningecheka. Sasa siwezi, na sababu ni kigoda.

Fundi wangu alinikataza misumari. Alitaka kila mguu uchongwe ncha kama ulimi, uingie kwenye tundu la kikalio na kushikwa kwa kubanana, gundi iwe nyongeza tu. Ulimi ukiwa mnene, mbao inapasuka. Ukiwa mwembamba, kigoda kinacheza. Tofauti ya hayo mawili ni unene wa karatasi. Niliharibu miguu sita kupata minne. Halafu kulikuwa na suala la mbao yenyewe, ambayo niliinunua kwa pupa.

"Hii bado mbichi, mwanangu," fundi aliniambia, akiigonga kwa kucha na kusikiliza. "Ukiiunga leo, mwezi ujao itajikunja, na utakuja kusema mzee hakukufundisha."

Niliiunga hivyohivyo, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kupiga picha. Mwezi uliofuata ikajikunja. Ndiyo maana kigoda changu kinasimamia miguu mitatu.

Sitakuwa seremala, na sitaki kumdanganya msomaji kwamba Jumamosi 11 zimenifunza ufundi. Zimenifunza kutazama. Leo nikiingia kwenye nyumba ya mtu nikakuta kabati zuri, nafungua mlango wake na kuangalia kona za ndani, mahali ambapo mbao hukutana na mbao. Nyumba moja walidhani natafuta sukari. Nikifikiria tena kile kiti cha Lamu, siufikirii tena mgongo wake wala bwana aliyeegemea. Nafikiria kona ya chini, pale mguu unapoingia kwenye kiunzi. Imehimili joto, unyevu wa bahari na uzito wa wakubwa kwa zaidi ya miaka 100, na haijaachia. Aliyeikata alisubiri mbao ikauke.

Kwa hiyo nikikutana tena na yule mgeni, nitamwambia kwamba bei ya kiti hutajwa kwa fedha mwishoni kabisa. Kabla ya fedha kuna miaka ya mti, mabega ya wapagazi, migongo ya watu wa mashambani, na maisha ya mtu mmoja aliyeharibu miguu yake sita akiwa kijana, mpaka akafika mahali pa kutoharibu tena. Tunachoweza kufanya kwa wa zamani ni kuwahesabu hata kama hatuwajui. Kwa waliopo tunaweza zaidi: kulipa bila kucheka, na kuuliza jina.

Nililiuliza. Jumamosi ya mwisho fundi aligeuza kigoda changu juu chini, akaranda ncha ya mguu mmoja kujaribu kukipunguzia kutikisika, akatikisa kichwa na kunirudishia. Chini ya kikalio bado zilionekana alama za penseli alizoniamuru kuandika, namba moja hadi nne, ili kila mguu urudi kwenye tundu lake. Nikampa penseli. Nikamwomba aandike jina lake hapo, kando ya langu, kwa sababu matundu yote yaliyonyooka aliyachimba yeye.

Alicheka mpaka akakohoa. "Niandike jina kwenye kigoda kinachoyumba, ili watu wanijue?"

Nikamwambia basi aandike kwenye kazi zake nyingine, zile nzuri. Akalifikiria kidogo, akifuta vumbi kwenye miwani yake kwa ncha ya shati.

"Jina la nini," akasema. "Nitaweka namba ya simu."